Niliposema Ni Tumbo

Aibu yangu mie iliishia hospitali ya Chake, nimelala kitandani na mama mkwe wangu kasimama kichwani, na tangu siku hiyo sijabakiwa na nyengine ya kuficha, kwa hiyo niacheni niwahadithie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia vyengine vyengine kwenye maharusi ya watu.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya dunia, mchele wa kugaiwa, na msimu wa karafuu umepamba moto pale kwetu Wawi. Kichocho nilikuwa nacho tangu mdogo (nani kwetu asiyekuwa nacho, tulivyokuwa tukikoga mabondeni?), lakini mwaka ule kilizidi, haja ndogo inakuja tone tone, inachoma, na damu juu yake. Asubuhi moja nikahisi kama njia ya mkojo imeziba, na badala ya kwenda hospitali nikaingia msalani, nikachomoa chelewa moja, ule ujiti wa ukuti, kwenye ufagio, nikaipaka mafuta ya nazi, nikajizibua. Naam, mtu mzima na ndevu zake. Chelewa ikaingia, ikakatika, nusu ikabaki ndani.

Nikatoka natembea upande upande. Mke wangu Asha akanitazama. "Una nini, Baba Khamis?"

"Tumbo," nikasema.

Neno hilo moja tu, yakhe, ndilo lililonimaliza, kwa sababu dawa ya tumbo ni kunywa. Asha akanipa haluli, ile chumvi ya kuendesha, na birika zima la maji ya moto. Akamwita mama yake, Bi Mwanakombo, naye akaja na madafu. Bi Mwanakombo akamwita Shehe, Shehe akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ninywe, na kombe halirudishwi, nikalinywa lote. Vyote vinaingia, mkojo hautoki hata tone. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa tumbo kweli, limevimba chini ya kitovu kama nimemeza mtungi, jasho linanitiririka, na kila nikitaka kusema ukweli namuona mama mkwe kakaa pale ananipepea, ulimi unakufa.

Majirani wakanibeba na kitanda cha kamba mpaka Chake. Njia nzima watu wameanika karafuu majamvini, wanainuka, wanauliza nani huyo, na Bi Mwanakombo anawajibu kwa sauti, "Mkwe wangu! Tumbo!"

Daktari alikuwa Muhindi mmoja wa makamo, Kiswahili chake cha kukwaruza lakini kinafika. Akanibonyeza mara moja tu, nikapiga ukelele.

"Hii si tumbo, hii mkojo. Umeingiza nini?"

"Hajaingiza kitu," akajibu mama mkwe. "Ni tumbo, daktari, tangu asubuhi."

"Mama, toka nje."

"Sitoki. Huyu mama yake keshakufa, mama yake ni mie."

Daktari akaniinamia. "Utasema, au unataka kibofu kipasuke?"

Nikafumba macho. "Chelewa."

"Chelewa gani?" akauliza mama mkwe.

"Ya ufagio, mama."

Nikasikia buibui lake likipita mlangoni.

Wakanitia dawa ya ganzi, msaidizi akanishika magoti, daktari akaingiza koleo nyembamba ndefu, akatafuta, akatafuta, mpaka akaikamata akaivuta taratibu, kisha akapitisha mpira wa mkojo, yakatoka maji ya beseni zima, nami nikalia kwa raha kama mtoto. Nikalazwa na mpira wangu na homa juu yake, halafu zikaja sindano za kichocho za mshipani, zile za kukohoza na kutapisha.

Kesho yake Bi Mwanakombo akaja na bakuli la uji. Nikageukia ukutani. Akakaa, akaukoroga ule uji.

"Baba yake Asha," akasema, "alikuwa akinambia ni kiuno. Miaka yote, kiuno. Nikifua shuka zake naona damu, nanyamaza, na yeye ananyamaza, mpaka tukamzika. Geuka unywe uji, mwanangu."

Nikageuka, nikanywa.

Sasa mie nikiumwa nasema pale pale panapouma, kwa jina lake, hata wakwe wakiwa mkeka mzima. Watu wanacheka. Na wacheke, nimeshachoka kuona haya. Wanangu wa kiume nimewapeleka wote kupimwa mkojo, wamenuna njia nzima, na hakuna aliyerudi nyumbani kabla ya kuonwa na daktari.