Mama Alipita Ukutani, Miguu Juu

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha kwetu, kijiji cha milimani, juu ya mji mdogo wa Soni, hata nikiwa nimebanwa na kazi Dar es Salaam. Napita tu mbele ya nyumba inayopakwa, na niko kule tena. Baba alikuwa amepaka chokaa chumba cha nyuma kwa ajili ya Idi, na kabla haijakauka vizuri nikaugua surua. Kwetu mtoto wa surua hakai kwenye mwanga. Wakubwa walisema macho yataharibika. Nikalazwa humo, dirisha la mbao likafungwa, na kitambaa kikabanwa chini ya mlango. Nilikuwa na miaka saba, mwili mzima unawasha, na nilimchukia kila mtoto niliyemsikia akicheza nje.

Asubuhi jua lilipopanda nikaona kitu ukutani. Kwenye ubao wa dirisha kifundo kimoja cha mti kilikuwa kimedondoka na kuacha tundu ambalo njegere moja ingeliziba. Kupitia tundu hilo ua wetu mzima ulikuwa umeingia chumbani na kutulia juu ya chokaa nyeupe: migomba, kamba ya nguo, njia ya kwenda barabarani, vyote na rangi zake, ila juu chini. Mbingu ilikuwa karibu na sakafu na kuku walitembea karibu na dari. Kisha mama akapita, miguu juu, na kanga yake ya njano, ndoo imejaa kichwani na maji hayamwagiki. Nikapiga ukelele. Alikuja mbio akidhani homa imenipanda. Nilipomwonyesha alikaa kitandani, akamtazama mbuzi wa jirani akipita kichwa chini, halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Kuanzia hapo uchungu wa surua ukapungua. Mama, mtu wa kuuza karoti na kabichi, aliyekuwa hana nafasi hata ya kukaa kitako, alianza kupoteza muda kwa ajili yangu. Alikuwa akitoka uani anauliza kwa sauti, "Zaina, leo nije mkubwa au mdogo?" Nikisema mkubwa, alisogea karibu na dirisha mpaka uso wake ukaenea ukutani. Nikisema mdogo, alirudi nyuma hadi kwenye migomba, akabaki kadiri ya kidole. Akisimama kivulini alififia. Akirudi juani aling'aa. Nikagundua kwamba nikiziba tundu kwa kidole anatoweka, na nikiliachia yuko kwingine, amebeba kuni ambazo sikumwona akiziokota, na kichwani mwangu najazia mwenyewe kilichotokea katikati. Tulicheza hivyo siku nyingi. Baba akirudi shamba alitukuta tukicheka, mmoja ndani, mwingine nje, akasema wote wawili tumeshikwa na surua.

Kitu kimoja tu kiliniumiza. Jua likienda upande wa pili, mama wa ukutani aliondoka, na nilikuwa sina namna ya kumzuia. Siku moja nikaomba kipande cha mkaa jikoni. Nilimwambia asimame juani asitikisike, nami nikafuata kivuli na mwanga wake ukutani, nimesimama juu ya kitanda, nikianzia miguuni kule juu.

"Unaniona vizuri?" akauliza kutoka nje.

"Nakuona, mama. Usiongee, kidevu kinacheza."

"Basi harakisha, mwanangu. Huko ukutani damu imeshanijaa kichwani!"

Kidevu kilinishinda kwa sababu ya kucheka kwake, lakini mabega yalikuwa yake kabisa, na ile namna yake ya kushika kiuno. Mama akaingia kujitazama. Aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikamwanguka, apate kujiona alivyo. Picha yake nyingine pekee tuliyokuwa nayo ni ya harusi ya watu, na humo amefunikwa nusu uso na mwavuli wa mtu wa mbele.

Surua iliisha, msimu wa baridi ukaanza. Gari lililobeba kabichi na wauzaji likapinduka kwenye kona za kushukia Soni, na mama alikuwemo. Sitaki kuandika zaidi kuhusu asubuhi hiyo. Alipoletwa nyumbani, shangazi yangu, dada wa baba, aliingia chumba cha nyuma kukiandaa kwa ajili ya wanawake wa msiba. Akafungua dirisha, akageuka, akapiga kelele.

"Mwanamke kachorwa kichwa chini, kwenye nyumba yenye maiti! Huu ni mkono wa mtu mbaya!"

Watu wakajaa mlangoni. Nililia kwamba ni mimi nimechora, kwamba mama mwenyewe alisimama, kwamba wafunge dirisha waone. Shangazi alinikumbatia akisema mtoto amechanganyikiwa kwa uchungu. Ni baba peke yake aliyeingia na kulifunga dirisha. Tukasimama gizani, mimi nimemshika kanzu, tukiutazama ukuta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na hakuna kilichotokea. "Ngojeni jua," nikasema. Wengine wakaondoka. Baba alingoja, akangoja sana, nami nilisikia anavyopumua. Siku hiyo jua halikutoka kwetu. Mwishowe akafungua dirisha, akatoka bila kunitazama. Shangazi alimkwangua mama kwa kisu, kuanzia miguuni, kisha akachanganya chokaa kwenye ndoo na kupaka.

Leo kazi yangu ni kupiga na kuhariri filamu. Chuoni, wiki ya kwanza, mwalimu alifunika madirisha kwa karatasi nyeusi, akaitoboa, na barabara ya nje ikatokea ukutani. Akatueleza kwamba sanaa yetu ilianzia hapo, kwa watu wa kale waliojua kuwa mwanga ukipita kwenye tundu dogo huleta dunia ndani. Baadaye wakapata dawa ya kuishika picha, baadaye wakazifuatanisha picha nyingi kwa kasi mpaka jicho likaona mwendo. Wenzangu walishangilia. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, kwa sababu yote hayo mama alikuwa amenifundisha, isipokuwa ile dawa ya kumshika.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani. Kaka yangu ameijenga upya nyumba ile, chumba cha nyuma kina madirisha mawili makubwa ya vioo, na watoto wake wana video za kila kitu, hata za paka akilala. Nje jua lilikuwa kali, migomba iko palepale. Nilifunga mlango, nikavuta mapazia, nikasimama mbele ya ukuta. Mwanga ulipenya kila upande na ukuta ukabaki mweupe mtupu. Nikaweka kiganja pale palipokuwa na mabega yake. Wifi yangu akafungua mlango, akanikuta nimeinama, nimegeuza kichwa chini. Akadhani nimeangusha kitu, akaniwashia taa.