Nilimkata Sukari Masikio, Mjukuu Wangu Akiwa Amemshika

Mimi ni mkosaji. Nalisema mapema usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana watu wanapendaga kuwaonea wazee huruma. Usinionee! Naandika kwa mkono wangu, huu huu ulioshika kisu. Kusoma nilijulia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona herufi imelala, iache ilale.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Kisorya. Mimi nilikuwaga mkataji wa mbwa. Ndiyo, mbwa! Masikio na mkia. Kwetu tuliamini mbwa akikatwa masikio anakuwa mkali, anamsikia mwizi wa ng'ombe akiwa bado mbali. Na kile kipande cha sikio unakichoma kwenye makaa, unakipaka pilipili, unampa akile mwenyewe. Akishajila, tulisemaga, hatashindwa kumla mtu.

Walinifuata mpaka watu wa Butiama. "Mama yule ana mkono mwepesi." Nami nikavimba kichwa. Mwanamke asiye na shule, lakini wanaume wenye zizi wananiamkia kwanza!

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni hamna, sukari hamna, unapanga foleni kwenye duka la kijiji unarudi na kiberiti, na hicho kiberiti hakiwaki. Binti yangu aliyeolewa Musoma mjini, pale Mukendo, akaniletea mwanawe Nyangeta. "Mama, kaa naye. Huku hata unga tunaugombania."

Mtoto alikuwa mkimya, jamani! Unamwuliza umeshiba, anatazama miguu yake. Unamwuliza unaumwa, anatazama miguu yako.

Mbwa wangu jike akazaa. Nyangeta akachagua kamoja kekundu, rangi ya sukari guru, akakaita Sukari. Nikamwambia, "Kumbe! Duka zima halina, sisi tunayo!" Akacheka. Nakuambia alicheka mpaka akashika tumbo. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake.

Tangu siku hiyo akaanza kuongea. Kwanza aliongea na mbwa. Anamwekea vichwa vya furu, visamaki vidogo vya ziwani, anamhadithia habari za Mukendo, anamwambia mama atakuja kutuchukua mimi na wewe. Mimi nasikia nikiwa jikoni, najifanya napuliza moto. Halafu taratibu maneno yakaanza kunifikia na mimi. "Bibi, Sukari kafukuza mjusi. Bibi, Sukari anaota." Nyumba ikawa nyumba.

Basi wizi wa ng'ombe ukazidi. Siku moja tumekaa tunachambua pamba, jirani yangu mzee Magori akamtazama Sukari, akanitazama mimi.

"Mama, wewe unakata mbwa wa dunia nzima, wa kwako ana masikio ya mbuzi! Wezi wakija huyu atawakaribisha chai."

Mwingine akadakia, "Na sukari si ndiyo hiyo!"

Wakacheka. Wakacheka wote! Kilichoniuma hakikuwa ng'ombe. Yalikuwa ni hayo meno yao.

Mbwa anakatwagwa akiwa mdogo, macho yamefumbuka juzi. Sukari alikuwa ameshakuwa, na alikuwa ameona nikikata wengine. Aliponiona na kisu cha kuparia samaki akakimbilia nyuma ya ghala. Nikamwita, hakuja. Nikamwonesha ugali, hakuja.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekosea mengi maishani lakini hili ndilo. Nikasema, "Nyangeta, mwite wewe. Mshike. Wewe anakuamini."

"Bibi, ataumia?"

"Kama kuumwa na siafu tu. Shika!"

Akamwita. Akaja mbio, mkia unapepea. Mtoto akamkumbatia kifuani, mimi nikakata.

Alilia, mwenzangu! Mlio ule ulifika ziwani na kurudi. Lakini hakuuma. Nilishaumwa na vitoto vya mbwa hata havina meno, ila huyu alikuwa na meno yote na hakumwuma mtoto. Katikati ya kilio chake akawa anaramba mkono wa Nyangeta, kama vile anamwomba aniambie niache. Na Nyangeta aliniambia! "Bibi basi! Bibi basi!" Nikamwambia nyamaza, bado mkia.

Nikachoma kile kipande. "Mpe."

"Sitaki, bibi."

"Mpe! Unataka ng'ombe waende?"

Akampa. Mbwa akala, kwa sababu kwenye mkono ule alikuwaga anakula chochote.

Sabuni ya kumwosha hamna. Dawa hamna. Nikapaka majivu. Nzi wakaja, funza wakaingia, kichwa kikavimba, kikanuka. Alipona, lakini hakuwa Sukari tena. Mimi nikimwekea chakula anakula, maana kwangu hakuwa na matumaini yoyote. Lakini Nyangeta akimwita, anajikojolea hapo hapo alipo, anarudi nyuma tumbo likigusa chini. Mtoto anakaa uwanjani na vichwa vya furu mkononi, anaita kwa sauti ndogo, anaita, mpaka samaki wananuka.

Na ukali? Ukali gani! Wezi walikuja mchana, wakafungua zizi langu kama la baba yao. Sukari alikuwa chini ya ghala anatetemeka. Haikupita muda akapotea, hatukumwona tena. Nyangeta hakuuliza yuko wapi. Alirudi kutazama miguu yake. Nami nikajiambia, mtoto huyo, atasahau.

Baadaye mambo yakafunguliwa. Sabuni ikajaa mpaka ya kunukia, mitumba ikaja kwa marobota. Binti yangu akapata meza ya nguo pale Mukendo, akaja kumchukua mwanawe.

Utadhani nilijifunza. Wapi! Tajiri mmoja wa Bunda akaniita, ana mbwa wa kizungu na ana kalenda yenye picha. "Mama, nataka afanane na huyu. Mkia mfupi, masikio yasimame."

Nikamwuliza, "Anachunga ng'ombe?"

"Analala sebuleni."

"Sasa anakatwa ili iweje?"

"Anapendeza."

Nikakata! Angalau Sukari nilimkata kwa ujinga, na wezi walikuwepo kweli. Huyu nilimkata ili afanane na karatasi ya ukutani. Nikazawadiwa kitenge, nikakivaa kwenda Mukendo kuringa. Nikawa nasimulia huku nacheka. Nyangeta, msichana mkubwa sasa, akanawa mikono chakula hakijaisha, akatoka nje.

Ameolewa Buhare. Alipojifungua mtoto wa kwanza nikajifunga kitenge, nikabeba kuku na unga wa ulezi, nikaenda kumkanda mzazi kama ilivyo desturi. Nani mwingine amkande? Mimi ndiye bibi!

Alinipokea kwa heshima zote. "Shikamoo bibi." Maji ya kunawa, sato mzima wa kwangu peke yangu. Nikanyoosha mikono. "Haya, nipe kitukuu wangu nimpakate."

"Amelala, bibi."

"Amelala macho yamekodoka hivyo?"

Akamvuta mtoto kifuani. Akaongea polepole, hata sauti hakupandisha, afadhali angenifokea.

"Bibi, sina ugomvi na wewe. Ila nikimshika huyu nakumbuka nilivyomshika yule. Uliniambia nimshike kwa sababu ananiamini. Nami nikakuamini wewe."

Ningesema nisamehe mjukuu wangu. Neno moja tu! Lakini kiburi kiliniwahi mdomoni. Nikasema, "Nyangeta! Yule alikuwa mbwa!"

Akanitazama. Safari hii hakutazama miguu.

"Ndiyo, bibi. Alikuwa mbwa. Kula, samaki anapoa."

Nilikula. Ungefanyaje? Nikala yule sato mbele yake, na mtoto ananitazama kutoka kwenye khanga ya mama yake. Aliyemkanda mzazi alikuwa jirani yake.

Sasa wewe unayesoma, nisikilize. Nasikia wenye nyumba nzuri siku hizi wanakata mbwa wapendeze, wengine wanawang'oa paka kucha wasikwaruze makochi. Kwani uliletewa paka kwa nguvu? Kama unapenda kochi, fuga kochi! Unaogopa wezi, jenga ua. Mungu alimpa mbwa masikio, hakukuachia wewe kazi ya kumalizia.

Na wewe mzee mwenzangu mwenye mkono mwepesi, usijisifu. Mkono mwepesi wa kukata ni mzito kusamehewa. Kama kisu kinakuwasha, mihogo ipo. Na usithubutu kumwita mtoto aje kukushikia! Unadhani unamkata mnyama tu.

Kitukuu wangu wa kwanza wameniambia anatambaa sasa. Nimeuliza amefanana na nani, wakasema amefanana na mimi. Uzito wake mikononi mwangu siujui.