Hofu Isiyopimwa

Fundi cherehani alikuwa na sifa mbili mtaani: mishono yake haifumuki, na mdomo wake hauna breki. Figo zilipogoma, aliendelea na kazi, na mdomo vilevile. Kilichobadilika ni kwamba hakuweza tena kumaliza pindo moja bila kusimamisha cherehani. Aliweka kiganja juu ya mshipa wa mkono wa kushoto, ule aliotengenezewa kwa ajili ya kusafishwa damu, asikie kama bado unavuma. Ukinyamaza, njia ya damu imeziba. Basi anashona kidogo, anasimama, anapapasa, anashona tena.

"Wifi, humo mkononi kuna mtoto?" dada wa mumewe, mwenzake wa kibandani, alimtania. "Kila saa unambembeleza!"

Alicheka, lakini moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Usingizi ulishamkimbia, na siku za kwenda kusafishwa damu alivaa viatu na kuvivua mara tatu kabla ya kutoka. Alimweleza daktari. Daktari akasoma majibu, akatabasamu: "Vipimo vyako vizuri sana, mama." Vizuri! Kana kwamba hofu nayo huingia kwenye kichupa cha maabara. Chumvi wanakupimia, maji ya kunywa wanakupimia, lakini ukisema unaogopa, unaonekana unadeka.

Kwenye chumba cha kusafishia damu, wagonjwa wa zamu yake kila mmoja alikuwa na kiti chake. Jirani yake alikuwa seremala mpole, aliyependa kumchokoza: "Nguo zako zitachakaa, fundi. Kabati langu litakuzika."

Seremala alikosa siku tatu za kusafishwa damu; asubuhi ya nne kiti chake kilikuwa bado kitupu, kimetandikwa shuka safi, na muuguzi akikipita anaangalia pembeni. Ndiyo desturi ya chumba kile: mtu akifa, hasemwi, eti wengine wasiingiwe na hofu. Utadhani wagonjwa ni watoto wachanga, hawana macho ya kuona kiti kitupu.

"Seremala yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Nipe mkono kwanza, mama."

"Mkono hupati. Yuko wapi?"

Muuguzi akashusha sauti. "Alifariki juzi. Aliacha kuja mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Alisema anaogopa."

"Nyinyi mkamwambiaje?"

Muuguzi aliinamia trei ya sindano. "Tulimwambia ajikaze, yeye ni mwanamume."

Hasira ilimpanda fundi mpaka masikio yakamwaka. Mtu mzima anasema anaogopa, na dawa anayopewa ni kuambiwa ajikaze! Akaukunja mkono wake kifuani.

"Mimi naogopa," alisema, chumba kizima kikamsikia. "Naogopa kulala, naogopa kuamka, na sijikazi ng'o. Niitie daktari sasa hivi, aniambie hofu inatibiwa wapi. Sindano baadaye."

Muuguzi akatoka mbiombio. Kwenye kiti cha pembeni alikuwapo polisi mstaafu mwenye masharubu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Alikohoa kidogo.

"Fundi," alisema, "huyo daktari akija, asiondoke kabla hajafika kwangu."