Mguu wa Kushoto Ulipovimba Kati ya Columbus na Buffalo

Mama zangu na dada zangu wa kanisa letu la Newburg, mliniomba niandike namna nilivyopona. Mliomba pia niandike kwa upole. Hilo la pili mtanisamehe.

Mnanijua, mimi ndiye mrefu wa kwaya. Mpira wa kikapu nimecheza tangu sekondari, na mwaka jana timu ya wanawake ya hapa Louisville ilinichukua. Ligi yenyewe ni ya kulipwa lakini bado changa, ule ulikuwa msimu wa pili tu. Tunasafiri kwa basi, jezi tunafua wenyewe, na ukikosa mechi mbili nafasi yako anapewa mwingine. Ndiyo maana nilirudi uwanjani binti yangu Neema akiwa na wiki tisa. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenizuia pia.

Maumivu yalianza nyuma ya mguu wa kushoto, chini ya goti. Mama yangu alikuwa bado ananikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, kama tunavyomfanyia mzazi. Nikikunja uso, anakandamiza zaidi.

"Mama, inauma!"

"Inatoka hiyo. Mimi nilizaa saba, wewe mmoja. Utanifundisha?"

Nikamwachia mtoto, nikapanda basi. Columbus nilicheza, lakini mguu ulijaa mpaka soksi ikanichora mfereji. Nikamwonyesha mganga wa timu. Hakuuliza hata nilijifungua lini.

"Msuli umekaza. Weka barafu, mama mtoto, usituletee visingizio."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Kisha muda wa saa tano tena nimekaa kwenye basi hadi Buffalo, nakamua maziwa chini ya koti.

Kesho yake mchana nilienda kwa tantine, mdogo wa mama, anayekaa mtaa wa Kensington-Bailey hukohuko Buffalo na kufanya kazi ya kutunza wazee. Mlango wake una ngazi sita. Nilisimama mara mbili kutafuta pumzi, mimi ninayekimbia uwanja mzima! Kila nikivuta hewa, kama kisu ubavuni. Nikavua viatu, nikamwomba anikande kidogo.

Akapeleka mkono, akaurudisha upesi.

"Bon, nani alikanda huu mguu?"

"Mama."

"Hapana mtu kuugusa tena! Huu iko moto, mwenzake iko baridi. Mzee wangu akiwa hivi, tunaita ambulansi."

"Tantine, nina mechi jioni."

"Mechi? Neema atanyonya mpira?"

Ambulansi ilipofika nilikuwa nakohoa damu. Hospitalini daktari alisema damu imeganda mguuni, kipande kimeng'oka na kuziba mahali kwenye pafu.

"Nitakufa?" nikamuuliza.

"Tunafanya kila kitu usife. Ungechelewa, tusingezungumza."

Mume wangu aliendesha kutoka Louisville na mama na mtoto. Mama aliniona na mirija ya hewa puani, akakaa chini sakafuni. "Donc, kumbe ni mimi nilitaka kukuua?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Hasira ilitosha. Lakini daktari alisema hakuna anayeweza kujua kama ni kukandwa, au basi, au uzazi wenyewe. Nikaomba mtoto wangu.

Nilijidunga tumboni sindano za kuzuia damu isigande, asubuhi na jioni, tumbo likawa na madoa ya zambarau. Kisha vidonge, miezi sita. Kucheza marufuku, maana kiwiko kimoja cha mpinzani kingenivujisha damu ndani. Msimu uliisha bila mimi na nafasi yangu ina mtu. Sasa nimemaliza dawa, napumua vizuri.

Namshukuru Mungu, tantine na wale madaktari. Mganga wa timu alinitumia ujumbe wa pole. Sijamjibu, na mchungaji asinisukume.

Wazazi wenzangu, mguu mmoja ukivimba na kuwa na moto, msikande. Nendeni hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Nimejifungua juzi." Msingoje kuulizwa. Wakisema unadeka, deka. Afadhali mtoto awe na mama anayedeka.