Tao la Muaither

Kwa nje, nyumba ile ya Muaither, mtaa wa Doha huko Qatar, haikuwa na tofauti na za jirani: ukuta mrefu wa uani, geti la chuma, paa tambarare la zege na tangi la maji juu yake. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa ionekane. Ulikuwa mwaka 2006, makanisa yaliyoruhusiwa na serikali huko Mesaimeer yalikuwa bado hayajafunguliwa, na kundi la Wakenya, wengi wao manesi na watu wa maofisini, walikuwa wameipanga ili wasali humo kila Ijumaa. Siku ya kuwapa funguo, mwenye nyumba aliwapa sharti moja tu. Ndani fanyeni mtakavyo, alisema, nje nisione kitu.

Reuben Ndirangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Siku za kazi alisimamia ujenzi wa jengo refu huko West Bay, mtu wa kofia ngumu na redio ya mkononi, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kuwapigia kelele watu walio juu. Lakini Ijumaa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikulia Nyeri, jirani na kanisa la mawe lililojengwa na wamishonari kwa ule mtindo wa kale wa Ulaya unaoitwa wa Kigothi, na tangu utoto wake hakujua kuimba kwingine ila kule kwa kuiachia sauti ipande hadi kwenye dari, izunguke huko, kisha ikurudie kama imeongezewa kitu.

Chuoni, akisomea ujenzi, ndipo alipoelewa kwamba uzuri ule haukuwa pambo. Wale mafundi wa zamani walitaka kimo ili mtu akiingia ainue macho bila kuambiwa. Walitaka madirisha makubwa kwa sababu waumini wengi hawakujua kusoma, na vioo vya rangi ndivyo vilivyowahadithia habari za watakatifu. Sasa, ukuta uliojaa madirisha hauwezi kubeba paa la mawe. Ndiyo maana walilichongoa tao, ule upinde wa mawe unaobeba paa, ili uzito ushuke chini badala ya kusukuma pembeni, na msukumo uliobaki wakaupokea kwa miguu ya mawe iliyosimama nje, imeegemea ukuta. Ndani unaona wepesi tu. Kazi ya kubeba iko nje, kwenye jua na mvua, na kila mtu anaiona.

Pale Muaither kila kitu kilikuwa kinyume. Madirisha yalifunikwa mablanketi ili nyimbo zisifike kwa majirani. Mlango wa nyuma waliuziba wenyewe kwa matofali kwa sababu hiyohiyo. Na katikati ya ukumbi ulisimama ukuta wenye mlango, hivyo nusu ya waumini walimsikia mhubiri bila kumwona. Wazee wa kanisa wakamwomba Ndirangu auondoe.

Alipochungulia juu ya dari aligundua kwamba ukuta ule ndio uliobeba paa. Angeweza kuweka boriti ya chuma, lakini boriti ingehitaji winchi, na winchi ingeonekana na mtaa mzima. Matofali yangeingia kidogo kidogo kwa pikapu ya Henry, mpiga kinanda wa kwaya.

"Nitawajengea tao," alimwambia mkewe Milka. "Tao lililochongoka, kama la nyumbani."

Milka alikuwa nesi, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali lililofuata. "Na likisukuma hizo kuta za pembeni?"

"Kushoto kuna gereji imeuegemea ukuta. Kulia kuna chumba cha Shabani."

"Shabani anajua?"

"Ajue nini, Mama Njeri? Chumba ni chumba. Kitakaa palepale kilipo."

Shabani alikuwa mlinzi wa mwenye nyumba, Mtanzania wa Tanga, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Kila Ijumaa aliwafungulia Wakenya geti, akahakikisha wote wameingia, kisha akaenda zake msikitini. Chumba chake kilijengwa kwa tofali nene, kimebanana na ukuta wa ukumbi upande wa kulia. Humo alikuwa na kitanda, jiko la gesi na kalenda ya Tanga. Kichwa cha kitanda kilikuwa ukutani.

Tao likajengwa. Waliondoa dari ya chini, wakabomoa ukuta wa kati kipande kwa kipande huku paa likishikiliwa na vyuma vya muda, na vyuma vile vilipoondolewa Ndirangu alisimama katikati ya ukumbi bila kupumua. Tao halikutikisika. Ijumaa iliyofuata kwaya iliimba, sauti ikapanda, ikarudi, na kina mama wakalia. Henry alimkumbatia. "Mwalimu, hii sasa ni kanisa," alisema. "Zamani tulikuwa tunasalia sebuleni kwa mtu."

Joto la kiangazi lilipoingia, mambo madogo yakaanza. Jioni, zege la paa lilipopoa, ukuta wa kulia ulitoa sauti kama ya mtu anayevunja kijiti. Vumbi jeupe lilikutwa juu ya viti vilivyokuwa vimefutwa. Hakuna aliyejali, Doha ni vumbi. Lakini Ndirangu alijali. Kwenye ukuta wa kulia kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, akapaka plasta juu yake kimyakimya. Plasta ikikatika, maana yake ufa bado unapanuka. Wiki haikuisha kabla haijakatika.

Kisha Shabani alimsimamisha getini.

"Mwalimu, wewe si mtu wa ujenzi? Nitazamie mlango wangu. Zamani ulifunga vizuri, sasa unakwama juu."

Ndirangu aliingia chumbani. Fremu ya mlango ilikuwa imepinda. Alijua papo hapo kinachoipinda. Aliona kitanda, mto, na ukuta ule nyuma ya mto, na maneno yakamfika mdomoni. Lakini akimwambia Shabani, Shabani atamwambia mwenye nyumba, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwenye nyumba akijua, kanisa limekwisha.

"Ni joto," alisema. "Mbao zimevimba."

Kesho yake alileta randa, akaukwangua mlango mpaka ukafunga tena. Shabani alimchemshia chai ya tangawizi na kumshukuru sana. Aliacha nusu kikombe, akaaga.

Usiku huo alimweleza Milka habari za ufa, si za mlango. Alisema ataweka chuma cha kuifunga miguu ya tao isitanuke, mwezi ujao, akipata nafasi. Mwezi ujao ulikuja na kazi za West Bay, na chuma hakikuwekwa.

Alhamisi moja ya Oktoba, jioni, alikuwa bado juu ya jengo lao West Bay simu ilipolia. Alikuwa Shabani.

"Mwalimu, nimehamishiwa huku mbele, karibu na geti. Mwenye nyumba ananunua gari la pili, anataka pa kuliegesha. Vijana wanavunja chumba changu."

"Wanavunja lini?"

"Wamekwishaanza. Paa limeshatoka, sasa wako kwenye kuta."

"Waambie wasimame! Shabani, waambie waache!"

"Mimi nani niwaambie waache?" Shabani aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

Ndirangu aliteremka akipiga simu ya Milka. Ilikuwa imezimwa. Simu zote za kwaya zilikuwa zimezimwa, kwa sababu ilikuwa siku ya mazoezi, na sheria ya kuzima simu aliiweka yeye mwenyewe. Akaendesha. Kila mzunguko wa barabara ulikuwa umejaa magari ya watu wanaokwenda mapumzikoni, na yeye alipiga honi kama kichaa.

Alipofika, chumba cha Shabani kilikuwa rundo la kifusi. Vibarua walikuwa wameketi juu yake wakinywa maji. Ukuta wa ukumbi ulikuwa uchi, na jua la magharibi lilimulika ufa ambao sasa mkono wa mtoto ungeweza kuingia. Ndani kwaya ilikuwa ikiimba.

Alifungua mlango. Wanakwaya walikuwa upande wa madhabahu, ng'ambo ya tao, na njia pekee ya kutokea ilipita chini yake. Kwenye kilele cha tao mchanga ulikuwa ukishuka, uzi mmoja mwembamba usiokatika, unaangukia zulia. Hakuna aliyeuona, walikuwa wamefumba macho.

Hakupiga kelele. Aliinua mkono kama anavyofanya kila siku kuwanyamazisha, na wakanyamaza.

"Acheni vitabu. Pitieni ukutani upande wa gereji, mmoja mmoja. Msikimbie, msiguse kitu."

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Nje nitawaambia."

Walipita. Milka alikuwa wa mwisho, akiwasukuma wenzake mgongoni kwa upole wa kinesi. Alipofika kwa mumewe alitazama juu, kisha akamtazama yeye, akatoka. Walikuwa wameshavuka kizingiti Henry alipogeuka.

"Kinanda," alisema, kama mtu aliyesahau mwavuli, akarudi.

Ndirangu alimshika shati, shati likamponyoka. Ukuta wa kulia ukalala nje taratibu, kama mtu anayejinyoosha, na tao likafunguka. Paa lilishuka upande mmoja. Tangi la maji lilipasuka na maji yakamwagika juu ya vumbi, na kwa muda hapakusikika chochote ila maji.

Henry walimtoa hai. Tofali lilikuwa limemponda bega na mkono wa kulia. Hospitali waliuokoa mkono lakini vidole havikupona, na mwaka uliofuata alirudi kwao Kakamega.

Polisi walimhoji Ndirangu kwa siku kadhaa. Kampuni yake ilimwachisha kazi, na mwenye nyumba alitaka kulipwa ukuta wake, akalipwa. Waumini walisali nyumbani kwa makundi madogo mpaka Mesaimeer ilipofunguliwa. Milka hakumlaumu kwa sauti. Aliuliza mara moja tu, kwenye korido ya hospitali: "Ulijua?" Alipojibu ndiyo, alikwenda kukaa na mke wa Henry na hakurudi nyumbani siku mbili.

Shabani aliupata ukweli kituoni, mkalimani alipokuwa akimsomea maelezo ya Ndirangu. Miaka ilipita kabla Ndirangu hajathubutu kumtafuta. Alimkuta West Bay, mlinzi wa hoteli sasa, amevaa suti na kifaa sikioni.

"Nimekuja kuomba radhi," Ndirangu alisema.

Shabani alitazama milango ya vioo, wageni wakiingia na mabegi yao. "Ile siku ulipokwangua mlango," alisema, "mimi niliandika nyumbani kwamba nina rafiki Mkristo, mtu mwema. Nilikuwa nalala pale, Ndirangu. Kichwa changu kilikuwa pale."

"Najua."

"Ungeniambia, ningehamisha kitanda. Wala nisingemwambia mtu."

Gari likasimama mbele ya hoteli. Shabani alivuta koti lake likae sawa, akaenda kumfungulia mgeni mlango, na Ndirangu akaondoka.