Leseni ya Mbwa wa Mama

Siwapendi maofisa wa leseni, na sitajifanya nawapenda eti kwa sababu sasa naandika vitabu. Mama yangu alikuwa akifuga mbwa hapa Gendabi tangu kabla mashamba ya ngano ya serikali hayajameza malisho yetu, na hakuna aliyewahi kumwuliza ruhusa aliipata wapi. Mbwa wake walizaa watoto wasioogopa fisi. Watu walitoka mbali kuja kumwomba mmoja, hata wakulima wa Tlawi waliteremka na mbegu za maharage mgongoni. Mama hakuuza. Alitoa mtoto wa mbwa, akapokea alicholetewa, basi.

Kisha zikaja trekta, wafanyakazi na nyumba za mabati. Siku moja mbwa mwenye kichaa aliuma watu kambini, na hakuna aliyejua alikotoka. Lawama zikatuangukia sisi wafugaji, maana siku hizo tulilaumiwa kwa kila kitu, hata mvua ikichelewa. Ikatoka amri kwamba anayezalisha mbwa awe na leseni, na mbwa jike avae kibati chenye namba shingoni. Asiye na kibati apigwe risasi. Bwana mkubwa mmoja wa shambani alikuwa na mbwa wake wanene waliozaliana nyuma ya karakana, na sikuona kibati shingoni mwa hata mmoja. Hilo lilinichoma wakati ule na linanichoma sasa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyejua kusoma. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo nilikwenda naye ofisini. Bwana mifugo alituweka juani tangu asubuhi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia bila kuinua macho. Aliuliza mama anazalisha mbwa wa aina gani. Nilitafsiri, na mama akasema anazalisha mbwa wa kulinda ndama. Yule bwana akacheka, akaandika kwamba ni wa kienyeji, akatusukumia karatasi na kibati. Akaniagiza nimsomee mama masharti. Nilimsomea njiani, nikijiona msomi kweli.

Mama alikishonea kibati kwenye ukanda wa ngozi wa mbwa wake jike, wa rangi ya majivu. Alikuwa amebaki huyo mmoja tu wa kuzaa, na ndiye aliyelala mlangoni mwa zizi la ndama. Bila yeye tusingekuwa na ndama hata wa kusimulia. Akazaa watoto watano, na walipoanza kutembea vizuri akaja mzee mmoja wa Tlawi kuchukua mkubwa wao.

Sasa nyumbani kwetu mtoto wa mbwa haondoki shingo tupu. Mama yake huvuliwa ukanda, mtoto akafungwa huo huo, ili akae na harufu ya kwao asitoroke njiani. Mama yake hukatiwa mwingine. Ndivyo bibi alivyofanya, na ndivyo mama alivyofanya siku hiyo. Alinituma niufungue ukanda, nikaufungua. Kibati nilikiona. Nilifikiri leseni ni ya mama, imo kwenye karatasi ndani ya nyumba, na nikaona vizuri mtoto naye aende na ruhusa yake. Mzee alishukuru, akamtia mtoto ndani ya koti, akashika njia ya milimani.

Siku ya tatu walipita askari wawili wenye bunduki. Mama aliwatokea na karatasi mkononi, bila wasiwasi wowote. Mmoja aliisoma, akamtazama mbwa shingoni, akaona ukanda mpya usio na kitu. Nilimweleza kibati kilipo. Nilimwomba atupe siku mbili tu, nitakwenda Tlawi kwa miguu yangu nikilete. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio sijausamehe.

"Binti, basi mbwa wa halali ni huyo aliyeko Tlawi."

Akampiga risasi huyu wetu mbele ya zizi. Watoto wanne walikuwa bado wananyonya, na tulishindwa kuwakuza kwa maziwa ya ng'ombe. Kabla mwezi haujaisha fisi walikuwa wamekula ndama wawili. Mama hakufuga mbwa tena, na waliokuja kumwomba aliwarudisha mikono mitupu.

Jioni ile ile ya risasi alinikalisha, akanipa karatasi.

"Imesema tusitoe ukanda?"

Niliigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo, na sharti la pili lilisema kibati kisihamishiwe mbwa mwingine. Mimi nilikuwa nimesoma upande mmoja tu.

"Hapana, mama," nikasema. "Haikusema."

Alimlaani yule bwana mifugo mpaka siku alipofariki, na kila alipomlaani nilimwitikia kwa sauti kubwa kuliko yake.