Nyumba Iliyowapa Watu Mgongo

Shirika la reli lilimkataza shangazi yangu kutoboa mlango katika nyumba ambayo lenyewe lilikwisha kuitelekeza. Halikuziba paa, halikutuma hata fundi wa kuutazama ufa ulio juu ya kitanda chake. Lakini mlango, hapana.

Nyumba za wafanyakazi zilijengwa zikitazama reli, ili mtu akiitwa kazini atokee moja kwa moja kwenye njia ya treni. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa breki za treni. Shangazi alishona barazani, abiria wakimpungia mkono madirishani. Treni zilipokoma, mji ulihamia nyuma ya nyumba yake, kwenye barabara ya lami. Maduka yakageuka. Nyumba yake haikuweza kugeuka: ikawapa watu mgongo, ukuta mtupu usio na hata dirisha.

Alijaribu. Alipigilia msumari kwenye ukuta ule, akatundika gauni la buluu alilolishona kwa ufundi wake wote, ili wapita njia wajue pana fundi. Kisha akazunguka, akaketi kwenye cherehani, akasubiri mteja. Alasiri sauti ya mwanamke ikamfikia kutoka barabarani.

“Jamani wenyewe, mvua hiyo. Anueni nguo.”

“Ahsante, mwanangu,” shangazi akajibu.

Akazunguka, akalianua. Hakuna mwingine aliyesema naye siku ile.

Ndipo akaomba ruhusa ya mlango. Msimamizi wa nyumba za shirika akaja, na mkoba wake na haraka zake.

“Mama, mlango unao. Mbele ya nyumba ni huku.”

“Mbele ni wanakopita watu, baba. Huku anapita nani?”

“Ramani ndivyo inavyosema.”

“Basi iambie hiyo ramani ije ipimwe gauni.”

Bwana yule alicheka kwa adabu, akakataa. Ukuta ukiguswa, alisema, mpangaji atatolewa.

Wapo wanaomwita mkaidi kwa kutohama. Ahamie wapi, na mume kamzika hapo hapo? Hakudai treni irudi. Alitaka pahali pa kupitisha salamu na vitambaa, basi.

Mei 2022 shirika liling'oa reli yote mbele ya baraza yake na kuipakia kwenye malori. Katazo la mlango halijaondolewa.